Yai kwenye rejeta, sabuni kwenye tanki: yapi ya kweli?

Msomaji mmoja wa Iringa ameniandikia hivi: "Fundi, shikamoo. Ninalo gari aina ya Toyota Corolla AE100 ambalo nimelitumia kwa miaka tisa. Kila ninaporudi kutoka Morogoro, likifika mlima wa Kitonga linachemsha, na asubuhi ninakuta matone ya maji chini ya rejeta. Jirani yangu aliyewahi kuendesha malori ameniambia nipasue yai nilitie ndani ya rejeta. Mwingine anasema manjano au pilipili manga. Na fundi wa mtaani ameshaiondoa themostati akidai kwamba kwenye nchi ya joto haina kazi. Katika mazungumzo hayo hayo nimesikia habari za soda kwenye betri, sabuni ya mche kwenye tanki la mafuta na dawa ya meno kwenye taa. Je, yapo ya kweli, au ni hadithi za vijiweni?"

Marahaba, ndugu yangu. Mengi kati ya uliyoambiwa yana ukweli ndani yake, na shida inaanzia hapo hapo. Dawa isiyofanya kazi kabisa huachwa baada ya watu watatu kuijaribu na kuaibika, lakini dawa inayofanya kazi kwa siku mbili husifiwa kijiweni kwa miaka thelathini, kwa sababu aliyeisifu alifika nyumbani, na gharama iliyomfuata mwezi uliofuata hakuihusisha na lile yai alilolipasua. Kwa hiyo kila dawa nitaipima kwa maswali mawili ninayowauliza vijana gereji kabla hawajashika spana: itakufikisha wapi, na ikishakufikisha itakuachia nini ndani ya gari.

Nianze na yai, maana ndilo lililokufanya uandike. Ute wa yai huanza kuganda joto likipita kidogo nyuzi 60 za Selsiasi, na kiini hufuata muda si mrefu, ilhali maji ya injini yako yakiwa katika joto lake la kazi huwa kati ya nyuzi 80 na 95. Yai lililoingia bichi huivia humo ndani, likakatikakatika vipande vyeupe vinavyozunguka pamoja na maji, na pale maji yanapopenya kwenda nje kipande kimoja husukumwa na presha kikanasa kwenye upenyo na kuuziba. Huo ndio ukweli wake. Lakini yai halina macho: haliwezi kutofautisha tundu linalovuja na njia halali ya maji, na mirija ya rejeta ni bapa na myembamba kiasi kwamba hata ukucha wa kidole cha mwisho hauingii.

Nikiwa bado kijana wa kutumwa spana, tuliletewa pikapu iliyokuwa ikichemsha hata kwenye barabara tambarare. Rejeta yake ilikuwa ya shaba ya kizamani, na fundi aliyekuwa akinifundisha aliyeyusha risasi iliyoshikilia kichwa cha juu, akakiinua kwa bisibisi, nasi tukachungulia. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na kitu cha kijivu kama ukoko wa uji, chenye harufu ya yai viza iliyotutoa sote nje ya banda. Mwenye gari alikiri kwamba alitia yai moja likafaa, wiki iliyofuata akaongeza la pili, kisha la tatu. Tulipojaza maji ili tulitafute lile tundu la awali hatukuliona, kwa sababu lilikuwa limezibika vizuri kabisa. Aliponya tundu akaua rejeta, na sehemu ya uchafu huo ilikuwa imeshaingia kwenye mirija ya hita, ambayo haisafishiki kwa urahisi.

Manjano na pilipili manga iliyosagwa vina mantiki ile ile, ila vina nafuu. Chembe kavu huvimba zikilowa, hunasa kwenye ufa mdogo, na hazigandi zikawa mabonge wala haziozi haraka kama yai. Hili si jambo la ajabu, kwani hata vidonge vya kuzibia rejeta vilivyouzwa Marekani kwa miaka mingi vilikuwa na unga wa mizizi ya tangawizi ndani yake. Kama ufa ni mwembamba, maji yanatoka kwa kutokwa jasho tu, na wewe uko mbali na gereji, basi kijiko kimoja cha chakula cha manjano kilichokorogwa kwenye kikombe cha maji kinaweza kukufikisha, kwa sharti kwamba ndani ya wiki hiyo hiyo maji yote yamwagwe na njia zisuuzwe mpaka maji yatoke meupe. Ukiona maji yanachirizika, acha viungo vibaki jikoni, maana vitatoka pamoja na maji hayo na kupotea barabarani.

Hata hivyo, kabla ya kutia chochote, ipo njia isiyogharimu hata senti na isiyoacha taka yoyote, nayo ni kupunguza presha. Kifuniko cha rejeta kina springi iliyopimwa, na kwenye magari ya rika la kwako mara nyingi huandikwa 0.9 juu yake, kipimo kinachokaribia presha nzima ya hewa inayotuzunguka. Presha hiyo huzuia maji yasichemke mapema: pwani, ambako sufuria huchemka kwa nyuzi 100, ndani ya rejeta iliyofungwa sawasawa maji hayatachemka mpaka yakaribie nyuzi 118, na huko kwenu, ambako kwa sababu ya mwinuko sufuria huchemka karibu nyuzi 95, ndani ya rejeta yatafika kama 115. Presha hiyo hiyo ndiyo inayoyasukuma maji yatoke kwenye ufa. Injini ikiwa imepoa, ukikifunga kifuniko mpaka kituo cha kwanza tu pasipo kukikaza hadi mwisho, maji yatadondoka badala ya kutiririka. Lakini kwa kuwa sasa yatachemka kama ya sufuria, itakubidi uende polepole, uegeshe geji ya joto inapopita katikati, na ubebe madumu mawili ya maji. Njia hii inafaa kukutoa Ilula hadi Iringa mjini. Kupandia Kitonga haifai, kwa sababu mlimani ndipo unapoihitaji presha kuliko mahali pengine popote.

Nikiwa hapo kwenye kifuniko, niseme jambo ambalo huwa sichoki kulirudia. Maji yaliyofika nyuzi 110 yakiondolewa presha ghafla hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni na kifuani. Kipimo changu ni rahisi: shika hozi ya juu ya rejeta kwa kiganja, na kama huwezi kuishikilia kwa hesabu ya kumi, usikiguse kifuniko. Kaa kivulini nusu saa. Vilevile usimwagie injini ya moto maji ya baridi ili "kuipooza", kwani silinda hedi ya injini yako ni ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma, vitu viwili vinavyosinyaa kwa viwango tofauti, na kuipoza kwa ghafla kunaweza kuipinda hedi.

Iwapo kinachovuja ni hozi, dawa bora niijuayo ya barabarani ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule ule ambao watoto hutengenezea manati. Hozi ikaushwe kwa kitambaa. Ukanda uwe na upana wa vidole viwili na urefu wa mita moja au zaidi, uanze kuuzungusha kiganja kimoja kabla ya ufa, ukiuvuta kwa nguvu mpaka mpira uwe mwembamba na rangi yake ipauke, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Ukishauvuka ufa kwa kiganja kingine, rudi juu ya njia uliyotoka, kisha ncha uichomeke chini ya mzunguko wa mwisho na uikaze kwa waya. Mpira uliovutwa hivyo huzidi kubana kadiri hozi inavyotanuka, jambo ambalo selotepu haiwezi, na ukishafika unaukata kwa wembe, hakuna kilichobaki ndani. Niliwahi kutoka Mikumi hadi Morogoro kwa ukanda wa namna hiyo, kifuniko kikiwa kwenye kituo cha kwanza, na njiani niliongeza maji mara moja tu.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo katika barua yako umelitaja kwa kupita, nami ninalishuku kuliko mengine yote: themostati iliyoondolewa, yaani kile kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji ya injini kulingana na joto. Dhana ya kwamba nchi za joto haziihitaji imeenea sana, na kwa baadhi ya injini za zamani haikuleta madhara ya haraka. Lakini themostati ya injini kama yako ina visahani viwili. Cha juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta maji yanapopata joto, na cha chini, wakati huo huo, hufunga njia ya mkato ambayo maji huipita injini ikiwa baridi. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu na kuingia tena ndani ya injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare ya Mikumi hutalihisi hilo, maana injini haifanyi kazi kubwa. Ukianza kuzipanda kona za Kitonga nyuma ya lori, kwa gia ya pili, upepo ukiwa haba na mguu umelala kwenye mafuta, maji yanayopita kwenye rejeta hayatoshi, na geji inapanda. Toyota wenyewe, katika vitabu vyao vya ufundi vya injini za namna hii, wanaonya kwamba themostati isiondolewe hata kama injini inaelekea kuchemsha. Hukunieleza kama gari lilikuwa likichemsha kabla fundi hajaiondoa. Lijibu swali hilo mwenyewe, kwa sababu huenda tiba ndiyo iliyoleta sehemu ya ugonjwa.

Tena ipo hasara nyingine ambayo wewe wa Iringa utakuwa umeshailipa bila kujua. Asubuhi za Juni na Julai, injini isiyo na themostati huchukua muda mrefu sana kupata joto, na kompyuta ya gari, ikiona maji bado baridi, huendelea kumimina petroli nyingi kana kwamba gari limewashwa dakika hiyo. Mtu huanza kulaumu plagi na pampu ya mafuta, kumbe kinachokosekana ni kifaa kinachoenea kwenye kiganja.

Kuipima themostati, iwe ya zamani au mpya uliyouziwa, ni kazi ya jikoni kwelikweli. Ifunge kwa uzi, ining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa kitako, kwa kuwa kitako kina joto kuliko maji, kisha washa jiko. Juu yake imechorwa namba, mara nyingi 82, ambayo ni joto la kuanza kufunguka, na ikifika nyuzi 95 inapaswa kuwa imeachama kwa milimita 8 au zaidi. Hapa mwinuko wa Iringa unakusaidia: kwa kuwa maji yako yanachemka karibu na hizo hizo nyuzi 95, huhitaji kipimajoto. Maji yakitokota na themostati ikawa wazi kiasi cha kupitisha penseli, ni nzima. Yakitokota nayo imefunga midomo, itupe. Utakapoifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae upande wa juu ili hewa ipate pa kupitia.

Upande wa feni, ujue kwamba Toyota nyingi za enzi hiyo zina swichi ya joto inayofanya kazi kinyume na watu wanavyodhani: saketi yake ikikatika, feni huzunguka. Ukichomoa plagi ya swichi hiyo huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inatakiwa ianze mara moja. Isipoanza, tafuta kwenye fyuzi, relei au mota. Ikianza, basi swichi ndiyo ya kushukiwa, na ukiwa njiani unaweza kuiacha plagi imechomolewa na kuendelea na safari, feni ikizunguka muda wote. Huo ni ujanja ninaoukubali bila kusita, kwa kuwa ukirudisha plagi gari linakuwa kama lilivyokuwa. Na kama hita yako bado imeunganishwa, maana mafundi wengi wameikata wakisema haina kazi Afrika, ukiona geji inapanda mlimani zima kiyoyozi, fungua madirisha, weka hita kwenye joto la mwisho na feni yake kwa kasi ya mwisho. Utatokwa jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na mara nyingi hiyo tu hutosha kukufikisha kwenye pa kuegesha.

Kuhusu maji yenyewe nitasema machache. Maji ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dodoma, huacha ukoko ndani ya mirija na kuila aluminiamu. Ukilazimika kuyatumia njiani, yamwage ukifika. Maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi yana nafuu kubwa, na kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ndiyo stahili yake ya kila siku, hata huku kusikoganda barafu, kwa kuwa kazi yake kwetu ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka.

Hayo mengine uliyoyasikia nitayapitia kwa haraka zaidi. Soda aina ya kola huondoa kweli ukungu mweupe na wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri, kwa sababu ina tindikali. Lakini ukungu wenyewe umetokana na tindikali ya betri, na sukari ya soda hubaki ikinata na kukusanya vumbi. Jikoni mwako kuna kitu bora: kijiko cha magadi soda kwenye kikombe cha maji ya moto. Fungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya, hakikisha vifuniko vya betri vimekazwa ili magadi yasiingie ndani, mimina polepole, na utaona povu likifoka mpaka ukungu unayeyuka. Suuza, kausha, kwangua kwa msasa, funga chanya kwanza, halafu paka mafuta ya mgando. Hii haiachi madhara, na nimeona magari yaliyodhaniwa kuwa yameua stata yakiwaka baada ya kusafishwa hivyo tu. Kinyume chake, vidonge vya aspirini vinavyotumbukizwa ndani ya betri iliyochoka huipa nguvu ya kuwaka mara moja au mbili, kisha huzaa tindikali ya aina ileile iliyomo kwenye siki, ambayo hula bamba za risasi. Na mtu asikuongezee maji makali kwenye betri iliyopungua. Kilichopungua ni maji matupu, na kinachorudishwa ni maji yaliyochujwa.

Sabuni ya mche kwenye tanki la petroli ni dawa ninayoiheshimu. Petroli haiyeyushi sabuni, na hapo ndipo siri yake ilipo: gundi nyingi hulainika zikikutana na petroli, sabuni haijali. Chukua kipande kikavu, kisugue kwa nguvu juu ya tundu kutoka nje mpaka kijae kama lami, ukandamize kwa dole gumba, na matone yatakoma. Adui yake ni maji, kwa hiyo mvua ya saa moja au dimbwi refu litaiosha. Itakufikisha mji unaofuata, na ikitoka haina ilichoharibu. Ila wakati unaifanya pasiwe na sigara wala jiko karibu, na siku ya kuchomelea tanki usimruhusu mtu akuambie kwamba limekauka hivyo liko salama. Mvuke uliobaki ndani ya tanki tupu hulipuka kuliko petroli iliyojaa. Tanki huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, mara kadhaa, kabla ya moto kulikaribia.

Dawa ya meno husafisha taa za plastiki zilizopauka, kwa kuwa ni msasa laini mno. Itazing'arisha kwa wiki chache, halafu zitapauka tena haraka zaidi, maana utando wa kuzikinga na jua umesuguliwa wote. Tumia msasa wa maji, kuanzia namba 1000 kupanda hadi 3000, kisha puliza vanishi angavu. Kama taa zako ni za kioo, kilichopauka ni kile kikombe cha kuakisi mwanga kilichomo ndani, na hakuna dawa ya meno itakayokifikia. Bomba la moshi lililotoboka linaweza kufungwa bati la kopo la maziwa na waya wa kufungia nondo, na litatulia kelele kwa siku kadhaa. Likiwa limetoboka chini ya viti, endesha madirisha yakiwa wazi, kwa sababu ile hewa ya sumu iliyomo ndani ya moshi haina harufu ya kukuonya.

Kuna mawili hukuyauliza, lakini anayekushauri yai hachelewi kukushauri hayo pia. La kwanza ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kipande cha waya, mahali pa fyuzi iliyoungua. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa ili iungue yenyewe kabla waya haujaungua. Ukiweka kitu kisichoungua, kitakachoungua ni waya ndani ya dashibodi. Chomoa fyuzi ya redio au ya kiwashio cha sigara yenye namba ile ile, ihamishie pale, uendelee bila muziki.

La pili ni breki, na hapa sina dawa ya nyumbani hata moja. Nimeona mtu akijaza maji ya sabuni kwenye kikopo cha mafuta ya breki, na mwingine akijaza oili ya injini. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka yapite nyuzi 205, na hata yakishafyonza unyevu wa kutosha yanatakiwa kuvumilia 140. Wewe unaposhuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, breki za mbele hupata joto kali, na maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke, nao mvuke hubonyea. Ukikanyaga, pedali inakwenda hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Oili nayo huvimbisha raba za breki, na utalazimika kuzibadilisha zote, kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu. Gari lisilo na mafuta ya breki huegeshwa, na mtu hupanda basi kwenda kuyanunua. Hata kwa breki nzima, teremka mlima huo kwa gia ambayo ungeipandia.

Kwa gari lako, basi, utaratibu ungekuwa huu. Kwanza likiwa limepoa, angalia stiki ya oili na sehemu ya chini ya kifuniko cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, usiendelee na mengine, kwa sababu maji na oili vimekutana na kinachoshukiwa ni gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Oili ikiwa safi, jaza maji mpaka juu, washa injini kifuniko kikiwa wazi, na utazame: hewa kidogo ikitoka mwanzoni ni kawaida, lakini mapovu yanayotoka mfululizo, tena yakiongezeka ukikanyaga mafuta, ni moshi wa silinda unaopenya. Kama hayapo, zima, acha ipoe, fuatilia matone ya asubuhi kwa tochi. Kwenye rejeta zenye vichwa vya plastiki ufa huanza sana pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na mahali hapo hakuna manjano wala yai litakalopaziba kwa kuwa panacheza kila joto linapobadilika. Ufa ukiwa hapo, nunua rejeta au kichwa kipya. Nunua pia kifuniko kipya chenye namba ile ile ya zamani, na themostati, ukaipime kwenye sufuria kabla ya kumpa fundi. Baada ya kufunga, jaza kulanti polepole huku hita ikiwa imefunguliwa na injini ikinguruma taratibu, mpaka hozi zote mbili ziwe za moto na feni iwake na kuzima mara mbili yenyewe, ndipo ufunge kifuniko.

Halafu safari ijayo ya Morogoro, asubuhi ya kurudi, injini ikiwa bado baridi, angalia maji ya kwenye kikopo cha pembeni na uweke alama ya kalamu pale yalipo, na njiani egesha Ruaha Mbuyuni kwa robo saa. Panda Kitonga kwa gia ndogo bila kiyoyozi. Ukifika juu na geji haijapita katikati, na kesho yake asubuhi maji yakawa pale pale penye alama, gari limepona. Yakiwa yamepungua na chini hakuna tone hata moja, niandikie tena, maana hapo yatakuwa yanapotelea ndani ya silinda, na tutakuwa tunazungumzia gasketi.